Ununue CD, Kaseti na Santuri, au Upakue Faili? Mwongozo Kamili kwa Mpenzi wa Muziki wa Kisumu, Kakamega na Nakuru

Malalamiko yanayonifikia yanafanana. Mmoja alinunua flashi yenye "benga zote" karibu na stendi, na baada ya muda mfupi ikakataa kusomeka. Mwingine alikuwa na nyimbo tele kwenye simu, akalipia kila mwezi, na mwezi aliokosa kulipa zikanyamaza. Wa tatu aliagiza CD kutoka ng'ambo, ikafika salama, ndipo akagundua kwamba nyumbani hakuna hata kifaa kimoja cha kuichezea. Wote wametoa pesa na wote hawana muziki.

Kosa ni lile lile: kuchagua upande mmoja kwa kila kitu. Amua rekodi kwa rekodi. Ile ambayo ikipotea huipati tena, inunue ikiwa kitu cha kushika mkononi, kisha uihamishe iwe faili. Zilizobaki zipakue, ila kwa njia inayokuachia faili iliyo yako kweli. Hatua zifuatazo zifuate kwa mpangilio wake.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Daftari na kalamu.
- Kompyuta, hata kuukuu, mradi ina Windows. Simu peke yake inatosha kupakua, lakini haitoshi kunakili CD wala kaseti.
- Kisoma CD cha nje cha USB, iwapo kompyuta yako haina sehemu ya kuingizia CD.
- Diski ngumu ya nje, na flashi moja ya GB 32.
- Programu za bure: Exact Audio Copy ya kunakili CD, Audacity ya kurekodi kaseti na santuri, Mp3tag ya kupanga majina, Spek ya kupima ubora, H2testw ya kukagua flashi.
- Kitambaa laini kisichotoa nyuzi, vijiti vya pamba na spiriti ya isopropyl.
- Tochi ya simu na penseli.

## Hatua ya 1: Orodhesha vifaa vyako vya kuchezea

Andika kila kinachopiga muziki: simu, wufa ya sebuleni, redio ya gari, redio ya mama kule nyumbani kijijini. Kando ya kila kimoja andika kinachosoma: CD, kaseti, flashi, memori kadi au Bluetooth.

Usiamini tundu kwa kuliona, chomeka ujaribu. Wufa nyingi zina tundu la USB lakini zinasoma MP3 pekee, na ukiweka faili ya FLAC (aina ya faili kubwa isiyopoteza sauti) zinairuka. Magari mengi yaliyoingia nchini kutoka Japani yana redio yenye CD na hayana USB kabisa.

Tahadhari: flashi na kadi za GB 64 na kuendelea kwa kawaida huja zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa kuhifadhi faili uitwao exFAT, ilhali redio nyingi husoma mfumo wa FAT32 tu. Hapo watu hulaumu nyimbo wakati shida ni flashi. GB 32 inakutosha. Albamu ya dakika 45 katika MP3 ya kbps 320 ni kama MB 108, kwa hiyo flashi hiyo inabeba albamu zaidi ya 250.

Umefaulu ukiweza kusema, kwa kila kifaa, aina ya faili au kitu kinachokubali. Usinunue chochote kabla ya hapo.

## Hatua ya 2: Gawa muziki unaoutaka katika mafungu matatu

Hapa usiharakishe, maana hapa ndipo huku magharibi mwa Kenya kunatofautiana na kwingine.

Fungu la kwanza ni rekodi zisizopatikana kwingine. Benga za miaka ya 1970 zilitoka kwa wingi kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Baadaye kaseti ikachukua nafasi: ohangla na nyatiti za Waluo, litungu na gitaa la omutibo la Waluhya, kwaya za makanisa, nyimbo za harusi na za matanga. Nyingi zilitolewa na lebo ndogo, na lebo ikifa mara nyingi kanda mama, yaani rekodi ya kwanza ya studio, hupotea nayo. Kaseti iliyo kwenye sanduku la shangazi yako kule Luanda ya Vihiga au Ahero huenda ndiyo nakala nzuri iliyobaki katika eneo lote. Fungu hili ni la kununua au kuomba likiwa kitu halisi, na mapema.

Kabla ya kuamua kwamba rekodi haipo mtandaoni, itafute kwa majina yake yote. D.O. Misiani, mwanamuziki wa benga, utampata kwa jina hilo, kwa Daniel Owino Misiani, kwa D.O. 7, na kwa jina la bendi yake, Shirati Jazz, bila jina lake. Jaribu pia jina la lebo na namba iliyochapwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri. Tovuti ya Discogs ina orodha kubwa ya rekodi kwa namba hizo, na itakuonyesha iwapo rekodi imewahi kutolewa upya.

Ukiipata, tazama urefu wake. Upande mmoja wa santuri ya 45 hubeba dakika chache tu, kwa hiyo benga nyingi zilikatwa vipande viwili, cha kwanza upande A na cha pili upande B. Waliopandisha nyimbo hizo mtandaoni mara nyingi waliweka upande mmoja. Wimbo ukififia ghafla kabla gitaa halijafunguka, unao nusu tu. Wimbo wa namna hiyo uache kwenye fungu la kwanza hata kama jina lake umeliona mtandaoni.

Fungu la pili ni rekodi zinazopatikana na ambazo utazicheza miaka mingi. Hizi nunua faili. Lebo za nje pia zimechapisha upya muziki wetu; kwa mfano, Soundway ya London ilitoa mwaka 2013 mkusanyiko wa nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980. Ukipenda jalada, picha na maelezo yanayoandamana nazo, nunua CD au santuri. Kumbuka tu kwamba kifurushi kutoka nje hupita forodhani na unaweza kudaiwa ushuru juu ya bei na nauli.

Fungu la tatu ni nyimbo za msimu. Unazipenda leo kwa sababu kila matatu inazipiga. Zisikilize kwa programu za kutiririsha au redioni, usizitolee pesa ya albamu.

Umefaulu fungu la kwanza likiwa dogo kuliko ulivyodhani. Likiwa kubwa mno, hukutafuta vizuri.

## Hatua ya 3: Tofautisha faili yako na faili ya kuazimwa

Neno "pakua" linatumika kwa mambo mawili tofauti, na hasara nyingi hutokea hapo.

Spotify, programu ya kutiririsha muziki iliyofika Kenya mwaka 2021, hukuruhusu kupakua nyimbo usikilize bila intaneti ukiwa unalipia. Lakini nyimbo hizo zimefungwa ndani ya programu yenyewe. Ni lazima uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, na ukiacha kulipa haziwezi kuchezwa nje ya mtandao. Hujadanganywa, umekodi. Mambo ni hayo hayo kwa programu nyingine za kulipia kila mwezi.

Faili iliyo yako ni ile unayoweza kuitoa. Fanya jaribio hili kwa kila huduma kabla ya kulipa pesa nyingi:

1. Pakua wimbo mmoja.
2. Zima data na Wi-Fi.
3. Ufungue kwa programu nyingine ya muziki, tofauti na uliyopakulia.
4. Unakili kwenye flashi na uuchezee kwenye wufa au gari.

Umefaulu wimbo ukilia katika namba 4 ya jaribio hili. Ukikwama katika namba 3, huo ni wa kukodi. Uweke kwenye fungu la tatu.

## Hatua ya 4: Nunua faili kwa njia safi

Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu huuza faili zisizofungwa, MP3 na FLAC, na hukata asilimia 15 tu ya mauzo ya faili. Sehemu kubwa ya kinachobaki baada ya gharama za malipo humwendea msanii au lebo yake. Huhitaji kadi ya benki: M-PESA GlobalPay hukupa kadi ya mtandaoni ya Visa ndani ya M-Pesa, na akaunti ya PayPal pia inaweza kuunganishwa na M-Pesa.

Chagua FLAC. Faili hiyo haipotezi chochote cha sauti, na kutoka kwayo unaweza kutengeneza MP3 ya gari wakati wowote. Kinyume chake hakiwezekani. MP3 ukiigeuza FLAC itakuwa kubwa tu, sauti iliyotupwa hairudi. Albamu ya dakika 45 ya FLAC inaweza kula MB 250 hivi, basi subiri Wi-Fi badala ya kumaliza bando.

Msanii wa ohangla au kwaya ya mtaa wenu akiwa hana akaunti kokote, muulize moja kwa moja baada ya onyesho. Sema, "Kaka, nataka albamu yenyewe, nikutumie ngapi?" Wengi watafurahi. Lipa kwa M-Pesa na uombe akutumie faili kwenye WhatsApp kama dokumenti, ili ifike kamili na jina lake. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, maana pesa haipiti mkono wa mtu mwingine.

Tahadhari kuhusu wanaojaza flashi mjini. Kwa shilingi chache utapata mamia ya nyimbo, lakini msanii hapati hata senti, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza biashara hiyo isipokuwa kwa idhini ya mwenye kazi. Ubora nao ni wa kubahatisha. Nyimbo nyingi huwa zimetolewa kwenye video, zikabanwa tena na tena, majina yakachanganywa. Fungua moja kwa Spek utazame picha ya masafa ya sauti yake, yaani kutoka sauti nzito hadi nyembamba, inayopimwa kwa kHz. Faili inayodai kbps 320 hufika karibu na kHz 20 kabla ya kukatika. Ikikatika kama kisu kwenye kHz 16, ilikuwa ya kbps 128 iliyovishwa nguo ya wakubwa.

Flashi yenyewe pia ikaguliwe. Zipo zinazojitangaza GB 64 na ndani zina GB 8. Unanakili nyimbo, majina yote yanaonekana, lakini zilizovuka nafasi halisi hazichezi. Ipitishe kwenye H2testw ikiwa tupu, na ikifeli irudishe dukani siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 5: Kagua kitu halisi kabla ya kutoa pesa

Katika soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili kuna kila kitu, na kati ya vyuma, viatu na redio mbovu hukosi kuona kaseti na CD. Masoko ya mitumba ya Nakuru na Kakamega nayo yafaa kupitiwa. Usione haya kukagua. Mwambie muuzaji, "Mzee, naomba nichungulie kwanza," kisha fanya hivi.

Kaseti. Ielekeze kwenye jua na uchungulie kidirishani. Ukanda uliojikunja unapaswa kuwa laini, wa kahawia au mweusi, umelala sawa. Ukiona unga mweupe au utando kama wa buibui ukingoni, huo ni ukungu, jambo la kawaida kwa vitu vilivyokaa karibu na ziwa. Usiingize kaseti hiyo kwenye mashine, itachafua kichwa cha kusomea na kuambukiza nyingine. Kisha tazama mdomoni: katikati pana kijipedi kidogo kilichokaa juu ya kipande cha shaba. Kikiwa kimebanduka, sauti itasikika hafifu, ingawa fundi anaweza kubandika kingine. Mwisho, tia penseli kwenye tundu uzungushe. Ikikwama, mwachie.

Tazama pia vile vijilango viwili mgongoni. Kama vimevunjwa, ni vyema. Kaseti hiyo haiwezi kurekodiwa juu yake kwa bahati mbaya. Vikiwa vizima kwenye kaseti ya muziki, huenda kuna mtu aliyerekodi mahubiri juu ya benga.

CD. Igeuze. Iliyochapwa kiwandani ina rangi ya fedha upande wa chini. Iliyochomwa kwa kompyuta mara nyingi huwa na rangi ya kijani, buluu au zambarau. Ya kuchomwa hufifia kwa jua na joto, kwa hiyo usiilipie bei ya halisi. Tafuta pia stika ya KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kwenye jalada la kazi iliyouzwa Kenya.

Kisha iinue mbele ya tochi. Matundu madogo yanayopitisha mwanga yanamaanisha tabaka linaloakisi limetoka. Wengi huogopa mikwaruzo ya chini, kumbe ya juu, upande wa maandishi, ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa tabaka hilo liko chini kidogo tu ya rangi. Mikwaruzo myepesi ya chini mara nyingi husomeka.

Santuri. Ishike kingoni, uitazame kwa ubavu usawa wa macho. Ikiwa imepinda kama sinia lililoanguka, iache. Mikwaruzo ambayo ukucha unaihisi itasikika kama mlio wa kurudiarudia. Vumbi lisikutishe, huoshwa. Kama huna mashine ya santuri, usinunue mashine kwa ajili ya santuri mbili. Tafuta mwenye nayo akurekodie.

Umefaulu muuzaji akikupigia kipande cha kila upande na ukakisikia mwenyewe. Asipokuwa na mashine, punguza bei unayotaka kutoa.

## Hatua ya 6: Hamisha kitu kiwe faili

CD ni rahisi. Ifute kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu data nyingi mfululizo. Fungua Exact Audio Copy, chagua hali ya usalama (Secure), toa FLAC. Programu husoma kila sehemu zaidi ya mara moja na hukuambia palipo na makosa.

Kaseti inataka subira, kwani dakika 45 za upande mmoja wa C90 hurekodiwa kwa dakika 45.

1. Safisha kichwa cha mashine kwa kijiti cha pamba chenye isopropyl, usubiri kikauke.
2. Peleka kaseti hadi mwisho na uirudishe, ili ukanda ulegee na ujipange upya.
3. Unganisha tundu la spika za masikio la mashine na tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Kama kompyuta ina tundu la maikrofoni tu, nunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti. Tundu la maikrofoni hupasua sauti.
4. Katika Audacity weka 44100 Hz na sauti ya pande mbili. Piga sehemu yenye kelele zaidi na urekebishe mpaka vilele vifike karibu dB -6. Ukizidisha, sauti inapasuka na hakuna kuirekebisha.
5. Rekodi upande mzima bila kusimamisha, kisha ukate nyimbo baadaye.

Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta utumie betri. Mara nyingi unaisha hapo hapo.

Tahadhari: usikimbilie kuondoa makelele. Ukikaza kichujio, unaondoa na mlio wa kayamba na pumzi ya mwimbaji. Hifadhi kwanza FLAC ghafi, ndipo ufanye majaribio kwenye nakala. Na kazi hii ni ya kusikiliza kwako. Kuuza au kusambaza ni kazi ya mwenye haki.

Umefaulu ukicheza faili na kaseti kwa pamoja, ukabadilisha kati yao, na usisikie faili ikiwa na sauti iliyozibwa. Ikisikika imezibwa, kichwa cha mashine ni kichafu au kimekaa upande, mpelekee fundi.

## Hatua ya 7: Andika majina kabla ya kusahau

Fungua Mp3tag ujaze msanii, bendi, wimbo, albamu, lebo na namba ya lebo. Mwaka uandike tu kama umechapwa kwenye jalada. Piga picha ya jalada pande zote na ya karatasi ya katikati, uziweke kwenye folda hiyo hiyo.

Kwa rekodi za nyumbani au za kanisa, mpigie simu mzee anayejua. Muulize nani alipiga gitaa, ilirekodiwa wapi, kwa ajili ya nani. Majibu yaandike kwenye sehemu ya maelezo ya faili.

## Hatua ya 8: Weka nakala tatu

Moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ngumu ya nje, na ya tatu mbali na nyumba yako: kwa ndugu anayeishi mji mwingine, au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi ya gari usiihesabu. Hupotea, huungua na joto la dashibodi, huazimwa isirudi.

Vitu halisi navyo vina adui zake. Kisumu ni joto na unyevu, kwa hiyo kaseti na CD ziweke kabatini juu ya usawa wa sakafu, mbali na ukuta unaotoa maji. Nakuru ni vumbi, hasa kiangazi; rudisha kila kitu kwenye kasha lake mara unapomaliza. Santuri zisimame wima, zisilale zikibebana, na zisiachwe garini juani. Kaseti zisikae juu ya spika kubwa, sumaku yake hufuta ukanda.

Mara mbili kwa mwaka chomeka diski ya nje, fungua faili chache za folda tofauti, zisikilize hadi mwisho. Diski ikianza kutoa mlio wa kugonga au kuchelewa kufungua folda, usiifanyie majaribio. Nakili kilichomo siku hiyo hiyo kwenye diski mpya, ukianza na folda za fungu la kwanza.